Haki ya Makazi Huanzia Kwenye Kikao cha Mtaa

Ukitaja Brussels mbele ya msomaji wa Afrika Mashariki, kinachomjia kwanza ni majengo ya vioo ya Umoja wa Ulaya. Huko ndiko yaliko makao ya Tume ya Ulaya, na huko ndiko kamati za Bunge la Ulaya hujadili hali ya haki za binadamu duniani, leo Kongo, kesho Uganda au Tanzania. Kilomita chache kutoka hapo, ukivuka mfereji unaolikata jiji, unaingia Molenbeek, moja ya manispaa 19 zinazounda Jimbo la Brussels. Ni eneo la viwanda vya zamani, lenye wahamiaji wengi na vipato vidogo. Dunia ililisikia jina hilo baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Paris mwezi Novemba 2015 na ya Brussels yenyewe mwezi Machi 2016, na tangu hapo limebaki vinywani mwa watu kama jina la mtaa wa hatari.

Mimi naitaja Molenbeek kwa sababu nyingine. Huko, familia za kipato cha chini zimeonyesha namna haki iliyoandikwa kwenye katiba inavyoweza kushuka hadi ikawa ufunguo wa nyumba mkononi mwa mtu. Namna hiyo sisi tunaijua, maana sehemu yake ilitoka kwetu.

Tuanze na maandishi. Ibara ya 23 ya Katiba ya Ubelgiji, iliyoingizwa mwaka 1994, inampa kila mtu haki ya kuishi maisha yenye heshima ya utu, na ndani yake inataja makazi yanayofaa. Kenya nayo, katika Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, imeandika haki ya kila mtu kuwa na makazi yanayofaa na viwango vinavyofaa vya usafi. Maneno ni mazuri kotekote. Hata hivyo, miaka 30 baada ya Ubelgiji kuandika yake, zaidi ya kaya 50,000 zimo kwenye orodha ya kungojea nyumba za umma mjini Brussels, na familia yenye watoto wengi inaweza kungoja zaidi ya miaka 10. Mtoto aliyezaliwa siku baba yake alipojaza fomu anaweza kumaliza shule ya msingi kabla zamu haijafika.

Msimamo wangu ni huu: haki inayongoja serikali peke yake hukaa foleni. Hutembea pale wakazi wenyewe wanapokuwa na mfuko wao, kikao chao na kauli juu ya ardhi wanayoikalia. Maendeleo ya jamii ndiyo njia ambayo haki hupitia kumfikia mtu wa kawaida, na anayeyadhania kuwa ni pambo la kuongezwa baada ya haki kupatikana hajatazama vizuri.

Tuutazame mfuko kwanza. Ubelgiji, anayenunua nyumba husaini mkataba wa awali wa mauziano, na siku hiyo hutakiwa kutanguliza malipo, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Kisha hupita hadi miezi minne kabla ya kusaini hati mbele ya notari. Mkopo wa nyumba hutolewa siku ya hati, wakati utangulizi unadaiwa mapema zaidi. Kwa nyumba ya euro 200,000, maana yake ni kuwa na euro 20,000 taslimu wakati mkopo bado haujatoka. Mama anayesafisha ofisi alfajiri, au kijana anayehudumia wazee, hana fedha hizo hata kama mshahara wake unatosha kabisa kulipa marejesho ya kila mwezi. Mlango unafungwa na kitu kidogo, na unabaki umefungwa maisha yote.

Mwaka 2003, CIRÉ, muungano wa mashirika yanayotetea wakimbizi na wageni nchini Ubelgiji, ulianza kuunda vikundi vya akiba vya kununua nyumba kwa kufuata mfano wa upatu wa Kiafrika. Wakongo wa Brussels wanaujua kwa jina la likelemba, kama ambavyo msomaji wa Nairobi anaujua kupitia chama chake. Familia huchangia kiasi walichokubaliana kila mwezi katika mfuko mmoja. Mwanachama akipata nyumba, mfuko humtangulizia ile asilimia 10. Siku ya hati, mkopo unapotoka, iwe ni wa benki au wa Mfuko wa Makazi wa Jimbo la Brussels, kile kilichotangulizwa hurudi kwenye kikundi, tayari kwa mwenzake. Fedha ileile huzunguka kutoka familia moja hadi nyingine, na mwisho wa safari kila mmoja hurudishiwa akiba yake.

Tofauti na upatu wa nyumbani ni kwamba hapa hakuna anayepewa fungu lote alitumie apendavyo. Lengo ni moja, na vikao vina somo. Wanachama hujifunza kusoma mkataba, kukadiria gharama za notari, kukagua kama ukuta una unyevu na kama nyaya za umeme ni salama. Mtu aliyezoea kuitwa ofisini na kuambiwa alete karatasi nyingine hukaa upande wa pili wa meza na kuuliza maswali. Hapo ndipo haki huanza kuwa tabia ya mtu.

Kutoka kwenye mbegu hiyo Molenbeek ikaota jengo. Katika barabara ya Fin, familia 14 ziliingia mwaka 2010 katika nyumba ziitwazo L'Espoir, yaani Tumaini. Nyuma yao palikuwa na miaka ya vikao vilivyoandaliwa na kituo cha jamii cha mtaani hapo, Bonnevie, kwa kushirikiana na CIRÉ na Mfuko wa Makazi. Familia hizo, nyingi zikiwa na asili ya nje ya Ulaya, ziliunda chama chao, zikaweka akiba pamoja, zikakaa na msanifu majengo na kusema wanataka nini.

Walichotaka ni jengo lisilowafilisi kwa gharama ya joto. Wasomaji wa Tanga au Kisumu huenda wasiujue uzito wa jambo hilo. Ulaya ya kaskazini, mtu maskini hulipa kodi ya nyumba halafu hulipa tena gesi ya kupasha moto kuta mbovu zinazopitisha baridi, na wengine huchagua kati ya kula na kuota moto. L'Espoir lilijengwa kwa mbao na kwa kiwango cha juu kabisa cha kubana matumizi ya nishati. Kwa kiwango hicho, nyumba haipaswi kuhitaji zaidi ya kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka ili ipate joto. Kuta zimejazwa nyenzo za kuzuia baridi, na mtambo huingiza hewa safi bila kupoteza joto la ndani. Nyumba kama hiyo inataka mkaaji anayejua kwa nini kichujio cha hewa kinasafishwa na kwa nini dirisha haliachwi wazi usiku kucha wa Januari. Wakazi walijifunza hayo kabla ya kuhamia. Wakati huo, majengo ya aina hiyo yalikuwa ya wenye uwezo na wapenda mazingira. Familia za Molenbeek zikaonyesha kwamba kitu bora kinaweza kuanzia kwa maskini.

Tatizo likabaki moja, nalo ni ardhi. Bei yake mjini Brussels inapanda mwaka hadi mwaka. Nyumba iliyopatikana kwa jasho la vikao na ruzuku ya serikali, ikiuzwa kwa bei ya soko baada ya miaka michache, humpa faida muuzaji mmoja na kumfungia mlango maskini anayefuata. Ndiyo sababu mwaka 2012, kwa kuungwa mkono na serikali ya jimbo, ikaanzishwa Community Land Trust Bruxelles. Watu wa pwani watauelewa utaratibu wake upesi, kwa kuwa ni ndugu wa wakfu: ardhi inatolewa kwenye soko na kushikiliwa daima kwa ajili ya watu, kama zilivyo nyumba nyingi za wakfu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Familia inanunua nyumba iliyo juu ya ardhi hiyo kwa bei inayolingana na kipato chake. Inaweza kuirithisha na inaweza kuiuza. Inapouza, inarudishiwa bei iliyolipa pamoja na robo tu ya ongezeko la thamani. Tuseme nyumba imepanda kwa euro 80,000. Muuzaji huondoka na 20,000 juu ya bei yake ya awali, na sehemu kubwa ya kinachobaki humpunguzia bei mnunuzi mwingine wa kipato cha chini. Muuzaji huondoka na kitu, na mtaa haupotezi nyumba.

Nyumba 9 za kwanza zilipata wakazi mwaka 2015. Baadaye Molenbeek ilipata jengo la Arc-en-Ciel lenye nyumba 32. Muhimu kuliko idadi ni namna uamuzi unavyofanywa. Bodi imegawanywa mafungu matatu: theluthi moja ni wakazi na wanaosubiri nyumba, theluthi nyingine ni mashirika na majirani, na theluthi iliyobaki ni serikali. Hakuna fungu linaloweza kuamua peke yake. Maskini amewekwa kitini kwa kanuni, kwa hiyo kiti chake hakitegemei ukarimu wa mwenyekiti.

Wazo la kushika ardhi kwa pamoja halikuzaliwa Ulaya. Mwaka 1969, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, wanaharakati weusi wakiwamo Charles na Shirley Sherrod walianzisha New Communities, shamba la pamoja la karibu ekari 6,000. Walikuwa wamejifunza jambo chungu katika harakati za haki za kiraia: mkulima mweusi aliyejiandikisha kupiga kura alifukuzwa shambani na nyumbani na mwenye ardhi mzungu. Haki ya kura ilikuwa imeshinda Washington, lakini ilikuwa haina pa kulala. Wakahitimisha kwamba asiye na ardhi ya kusimamia anatumia haki zake kwa hofu. Shamba lile walinyang'anywa mwaka 1985 kwa sababu ya madeni, baada ya ukame na ubaguzi katika mikopo ya serikali, ila wazo likaenea.

Likafika hata Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Brussels haijafikiria jambo hili, wakazi wa Tanzania-Bondeni katika mji wa Voi, Taita Taveta, walikuwa wakiishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, wakihofia kubomolewa. Kupitia mradi wa miji midogo wa serikali ya Kenya na Ujerumani, walielezwa aina mbalimbali za umiliki, wakachagua kushika ardhi kwa pamoja na kila kaya kumiliki jengo lake. Waliogopa kwamba hati binafsi zingenunuliwa na matajiri katika muda mfupi. Watu wa mji mdogo wa reli na mashamba ya mkonge walilitambua tatizo la Brussels miaka 20 kabla ya Brussels. Kilichowaangusha wengine waliotaka kufuata ni sheria: hapakuwa na sheria iliyoandikwa kwa ajili ya umiliki wa namna hiyo mjini, taratibu zikawa ndefu, na mfano wa Voi ukabaki mmoja.

Tanzania nayo ina Chamazi. Serikali ilipotwaa eneo la Kurasini, Dar es Salaam, kwa ajili ya upanuzi wa bandari, wenye nyumba walilipwa fidia na wapangaji wakaachwa mikono mitupu. Baadhi yao, kupitia shirikisho la maskini wa mijini na vikundi vyao vya kuweka akiba, walinunua ekari 30 Chamazi, wakaunda ushirika, wakafyatua wenyewe tofali za kufungamana. Mpangaji, ambaye sheria haikumhesabu, alijihesabu mwenyewe. Safari yao haikuwa nyepesi. Chamazi iko mbali na mjini walikokuwa wakitafutia riziki, na marejesho ya mikopo yakasuasua. Hata hivyo wapangaji waliofukuzwa wamekuwa wamiliki, jambo ambalo fidia ya serikali haikuwapa.

Wapo watakaosema haki ni kazi ya mahakama. Ni kweli mahakama ni za lazima, na Brussels ina ushahidi wake. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufani ya jiji hilo iliitia hatiani dola ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kuwatenganisha na mama zao wanawake watano wa mama Wakongo na baba wazungu walipokuwa watoto, na kuwapeleka katika misheni huko Kasai wakati wa ukoloni. Iliamriwa kila mmoja alipwe euro 50,000. Ni hukumu kubwa ya kihistoria na naipokea kwa moyo wote. Lakini walikuwa bibi wa zaidi ya miaka 70 ilipotolewa, na hakuna hakimu awezaye kuwarudishia utoto. Mahakama hulipia lililokwisha kuharibika. Mtaa uliojipanga hulizuia lisiharibike, au huokoa lililobaki.

Wengine watasema mambo haya ni madogo mno, kwamba nyumba 32 si kitu mbele ya foleni ya kaya 50,000. Hoja hiyo naiheshimu, na jibu lake liko Nairobi. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya takriban 100,000. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996, lilisaidia kuwapanga wakazi kuanzia makundi ya kaya kumi kumi hadi ngazi ya mtaa mzima, ili kila nyumba isikike katika mpango wa barabara, maji na shule. Kwa hiyo ukubwa unawezekana. Lakini Mukuru imetufundisha pia upande wa pili. Mwezi Novemba 2021, maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa nyumba ili kupisha barabara. Kikao walikuwa nacho, tena kizuri. Ardhi haikuwa yao. Kauli isiyo na ardhi chini yake inaweza kuondolewa na tingatinga asubuhi moja.

Hofu ya tatu inatoka kwenye historia ya Tanzania, na ina uzito. Neno la pamoja liliwahi kuja na malori. Katika Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishwa kwenda vijiji vipya, wengi bila hiari yao, ingawa Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameandika kwamba ujamaa wa vijijini uwe wa hiari. Tusisahau. Ushirika wa kulazimishwa huua hamu ya ushirika wa kweli kwa vizazi. Molenbeek, Voi na Chamazi zina sifa moja: watu waliingia wenyewe, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi.

Hapo ndipo yanapoingia maadili ya jamii, ambayo watu hupenda kuyahubiri majukwaani. Uaminifu haufundishwi kwa bango. Hufundishwa na mtunza hazina anayesoma daftari mbele ya wenzake kila mwezi, na kila mmoja akiona mchango wake umeandikwa. Kuvumiliana kunajengwa pale Mmoroko, Mkongo na Mbelgiji wanapolazimika kukubaliana nani asafishe ngazi. Usawa wa wanawake huonekana pale jina la mama linapoandikwa kwenye hati. Mtaa wenye vikao hivyo huwa mgumu kwa mtu anayekuja kupandikiza chuki, maana majirani wanafahamiana kwa majina na kwa madeni waliyolipana. Fedha nyingi zimetumika Ulaya kupambana na itikadi kali tangu mwaka 2015. Sehemu ya fedha hizo ingekuwa na faida kubwa zaidi kama ingewekwa mapema kwenye vituo vya jamii kama Bonnevie, ambavyo vilikuwa vikifanya kazi hiyo kimya kimya.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa wabunge wa Kenya na Tanzania: tungeni sheria inayouruhusu ushirika au wakfu wa wakazi kushika hati ya ardhi mjini, kwa gharama ndogo na kwa muda unaojulikana, ili Voi isibaki peke yake. Zanzibar na pwani ya Kenya zina karne za uzoefu wa wakfu na tume zake zipo. Hatuanzi na karatasi tupu. Kwa halmashauri zetu: mnapotwaa eneo, mhesabuni mpangaji, kwa sababu naye ana watoto na ana shule yao ya jirani.

Kwa ndugu zetu wa Brussels, Wakongo wa mtaa wa Matonge, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania na wengine wote mnaotuma fedha nyumbani: kila mmoja wenu anajenga nyumba yake, peke yake, kwenye kiwanja chake, mara nyingi kwa kumtegemea ndugu mmoja huko nyumbani. Mna kikundi cha mazishi tayari, na mna likelemba. Kaeni mzungumze namna ya kununua ardhi kwa pamoja Goma, Bujumbura au Dar es Salaam, na kuishika kwa kanuni zinazomlinda atakayekuja baada yenu.

Na kwa msomaji aliye kwenye chama au kikoba mahali popote: mkutano ujao wa kikundi chenu, baada ya kuhesabu michango, wekeni ajenda moja ya nyongeza. Ulizeni ardhi mnayoikalia ni ya nani, na nani anaweza kuwaondoa. Mkishalijua jibu, msiondoke kwenye kikao kabla hamjaamua mtafanya nini.